Hofu Nayo Hufunzwa Kisogoni

Ubongo mdogo, unaoitwa pia serebela, umekaa kisogoni, chini ya ubongo mkubwa na nyuma ya shina linaloshuka kuelekea uti wa mgongo. Kwa mtu mzima una uzito wa gramu 150 hivi, sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Udogo huo unadanganya. Hesabu ya wanasayansi wa Brazil iliyochapishwa mwaka 2009 ilikuta kwamba ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kati yake bilioni 69 zimejibana ndani ya ubongo mdogo. Ni kama nyumba ambayo chumba cha uani kina wapangaji wengi kuliko vyumba vyote vya mbele. Kwa karibu miaka 200 wapangaji hao walidhaniwa kuwa na kazi moja tu, ya kuuweka mwili sawa usiyumbe.

Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Franz Joseph Gall, aliyedai kuwa tabia ya mtu husomeka kwa kupapasa fuvu lake, aliufanya ubongo mdogo kuwa makao ya ashiki. Mfaransa Pierre Flourens alimpinga kwa kisu. Aliuondoa ubongo mdogo wa njiwa tabaka baada ya tabaka, na katika kitabu cha mwaka 1824 akaeleza alichokiona: ndege walikuwa hai, wakiona na kusikia, lakini hawakuweza tena kutembea wala kuruka kwa mpangilio. Karibu karne moja baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari wa Uingereza waliopigwa risasi kisogoni. Mkono wa askari uliotaka kushika kitu ulipitiliza au uliishia njiani, mguu uliyumba, maneno yalitoka yamekatikakatika. Maelezo yake ya mwaka 1917 yalikuwa sahihi kiasi kwamba madaktari wanayatumia hadi leo, na usahihi huo ndio uliofunga mjadala mapema. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma baiolojia bado hufundishwa kuwa serebela ni mizani ya mwili, na mfano anaopewa ni mlevi anayepepesuka. Si uongo. Ni nusu ya habari.

Nusu ya pili inahusu hofu. Lugha ya Kiswahili huiweka hofu mwilini: moyo hudunda, tumbo hukata, miguu huisha nguvu, nywele husisimka. Sayansi inakubaliana na lugha hapa, kwa maana hofu ni hali ya mwili mzima. Mapigo ya moyo hubadilika, misuli hukaza, pumzi hukatika, na mnyama huchagua moja kati ya kukimbia, kupigana au kuganda. Sehemu ya hali hiyo ni ya kuzaliwa. Panya wa maabara ambaye hajawahi kumwona paka huganda anaposikia harufu yake. Sehemu kubwa zaidi hufunzwa. Waliosema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walikwishaeleza kanuni yenyewe: tukio moja la maumivu hukifunga kitu kisicho na hatia pamoja na hatari, na fundo hilo hukaa miaka.

Katika maabara fundo hilo hufungwa kwa mlio na umeme. Panya husikia sauti fupi, kisha miguu yake hupigwa na mshtuko hafifu wa umeme. Baada ya mara chache sauti peke yake humgandisha. Mtindo huu ni mtoto wa majaribio ya Ivan Pavlov na mbwa wake, na tangu miaka ya 1980 umetumika kuonyesha umuhimu wa amigdala, kiungo chenye umbo la lozi kilicho ndani ya ubongo upande wa masikio. Amigdala ikiharibiwa, panya hujifunza hofu kwa taabu au hajifunzi kabisa. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na kama ilivyo kawaida ya ugunduzi mkubwa, kivuli chake kilifunika mengine. Amigdala ikaitwa kitovu cha woga katika magazeti na vitabu, nao ubongo mdogo ukaachwa na kazi yake ya kuzuia watu wasianguke.

Dalili kwamba ubongo mdogo hujifunza zilikuja kwa njia ya kope za sungura. Sungura akisikia mlio kisha akapulizwa hewa jichoni, baada ya mazoezi hufumba jicho kabla hewa haijafika. Huo ni ujuzi mdogo, lakini ni ujuzi. Richard Thompson na David McCormick walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba jeraha dogo katika kiini kimoja cha ndani ya ubongo mdogo huufuta ujuzi huo moja kwa moja. Sungura huyo huyo bado alifumba jicho alipopulizwa hewa, kwa hiyo kope zake zilikuwa nzima. Kilichopotea ni kule kujua kwamba hewa inakuja. Kumbukumbu ya hatari ndogo, ikiwa na saa yake ndani, ilikuwa imehifadhiwa katika kiungo kilichodhaniwa hakikumbuki chochote.

Namna kinavyokumbuka inaeleweka vizuri kuliko ilivyo kwa sehemu nyingi za ubongo, kwa sababu mpangilio wa seli zake ni wa kurudiarudia kama ukili uliosukwa. Katikati ya mpangilio huo kuna seli za Purkinje, zilizopewa jina la mwanasayansi wa Bohemia aliyezieleza mwaka 1837. Kila moja ni kama mwembe uliobanwa kati ya kurasa za kitabu: matawi mengi, unene hakuna. Kupitia matawi hayo hukatiza nyuzi sambamba zinazotoka kwenye seli ndogo mno, na seli moja ya Purkinje huweza kupokea ujumbe kutoka kwenye nyuzi zaidi ya 100,000. Nyuzi hizo huleta habari za kila kitu kinachoendelea, iwe sauti, mguso, mahali viungo vilipo au mipango ya ubongo mkubwa. Kisha kuna uzi mmoja tu wa aina nyingine, unaotambaa juu ya mti kama mmea wa kupanda, nao hutoka kwenye kiini cha shina la ubongo kinachofanana na zeituni. Huo huleta habari ya jambo lisilotarajiwa: hewa jichoni, umeme mguuni, mkono uliokosea shabaha. Uzi huo ukipiga kelele, uzito wa nyuzi zilizokuwa zikizungumza muda mfupi kabla yake hubadilishwa. David Marr mwaka 1969 na James Albus mwaka 1971 walikisia kwamba hivyo ndivyo ubongo mdogo unavyofunzwa, na Mjapani Masao Ito akaonyesha mwaka 1982 kwamba mabadiliko hayo hutokea kweli.

Hakuna chochote katika mtambo huo kinacholazimisha kwamba unachokadiria kiwe mwendo wa mkono pekee. Mtambo hulinganisha kilichotarajiwa na kilichotokea. Ukiletewa habari za mkono utausahihisha mkono, na ukiletewa habari za hatari, je, ni ajabu ukisahihisha hofu? La. Hilo ndilo la kutarajiwa.

Ushahidi wa panya ulianza kukusanyika bila makelele. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliijeruhi sehemu ya katikati ya ubongo mdogo wa panya, ile inayoitwa vamisi, neno la Kilatini lenye maana ya mnyoo kwa jinsi inavyoonekana kama mnyoo mnene uliolala kati ya nusu mbili. Panya hao walipowekwa karibu na paka hawakuganda kama panya wenye vamisi nzima. Mwaka 1990 ikaja habari iliyo safi zaidi. Kwa kawaida panya aliyefunzwa kuogopa mlio, moyo wake hupunguza mapigo anapousikia. Aliyejeruhiwa vamisi hakuonyesha badiliko hilo, ingawa moyo wake ulidunda vizuri katika hali ya kawaida. Hapa hakuna mguu unaoyumba wala mkono unaokosea. Kuna moyo ambao haukufunzwa.

Kundi la Italia likaenda ndani zaidi. Mwaka 2002 lilitumia sumu ya samaki bunju, ile ile inayowafanya wavuvi wa pwani wamtupe samaki huyo, kuuzima kwa muda ubongo mdogo wa panya baada ya kufunzwa hofu. Sumu hiyo huzuia neva zisipitishe ujumbe, kisha nguvu yake hupita. Panya walipojaribiwa baadaye, hofu yao ilikuwa dhaifu. Maana yake ni kwamba ubongo mdogo ulikuwa bado kazini baada ya somo kwisha, ukisaidia kumbukumbu ikomae. Miaka miwili baadaye watafiti wa Torino walikata vipande vyembamba vya vamisi kutoka kwa panya waliofunzwa hofu na kupima viungo kati ya nyuzi sambamba na seli za Purkinje. Viungo hivyo vilikuwa vimeimarika, na vilibaki hivyo saa 24 baada ya somo. Katika panya waliopata mlio na umeme bila kuhusiana, hali hiyo haikuonekana. Alama ya hofu ilikuwa imeachwa pale pale palipodhaniwa pana mizani tu.

Njia ambayo alama hiyo huitumia kuufikia mwili ilihitaji muda zaidi kufuatiliwa. Katikati ya sehemu ya juu ya shina la ubongo kuna mfereji mwembamba wa maji, na kuuzunguka kuna eneo la kijivu ambalo wataalamu huliita kwa kifupi PAG. Eneo hili ndilo hutoa amri ya kuganda. Mwaka 2014 kundi la Bristol, Uingereza, lilionyesha kwamba PAG ina mawasiliano na kipande kimoja cha vamisi, na kwamba kipande hicho kikiharibiwa panya hawagandi sawasawa, si mbele ya hofu ya kuzaliwa wala ya kufunzwa. Kuganda, ikumbukwe, ni kazi ngumu ya misuli. Mnyama anayesimama kama gogo huku amekaza kila kiungo, tayari kutoka mbio, anafanya jambo linalohitaji uratibu, kama kukimbia kwenyewe. Huenda hapo ndipo mizani ya mwili na mizani ya woga zilipokutana zamani sana katika maisha ya viumbe.

Mawasiliano huenda pande zote mbili. Watafiti wa Paris walichapisha mwaka 2020 kazi kuhusu seli zinazotoka kwenye kiini cha ndani kilicho katikati kabisa ya ubongo mdogo, kiitwacho fastijia, hadi PAG. Kwa kuzinyamazisha au kuzichochea seli hizo katika panya wadogo waliweza kuibadili nguvu ya kumbukumbu ya hofu, ama kuiongeza ama kuipunguza. Njia hiyo hiyo iligusa pia jambo lenye uzito zaidi kwa binadamu, yaani kuzimika kwa hofu. Panya akisikia mlio mara nyingi bila umeme, pole pole huacha kuganda. Hajasahau. Amejifunza somo la pili, kwamba mlio sasa ni salama, na somo hilo la pili hukaa juu ya la kwanza kama rangi mpya juu ya ya zamani. Tiba nyingi za woga uliopindukia, zile ambazo mgonjwa hukaribishwa kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa, zinategemea somo hilo la pili.

Kwa watu, jaribio lililofanywa Essen, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2019 linastahili kuangaliwa kwa makini. Waliojitolea walilala ndani ya mashine ya MRI yenye nguvu ya tesla 7, kubwa kuliko zile za hospitali za kawaida. Waliona maumbo, na baadhi ya maumbo yalifuatwa na mshtuko wa umeme. Ubongo mdogo uliwaka umbo la hatari lilipotokea, hata kabla ya umeme. Uliwaka pia wakati mtu alipotarajia umeme na umeme usije. Hakuna maumivu, hakuna mguso, hakuna mwendo. Kuna matarajio yaliyokwenda kombo. Ubongo mdogo ulijibu kwa lisilotokea kwa sababu lilikuwa limekwisha kukadiriwa. Ni vigumu kuyatazama matokeo hayo na kuendelea kukiita kiungo hiki mratibu wa miguu.

Wagonjwa walikuwa wamesema hayo mapema zaidi, kama kungekuwa na masikio. Mwaka 2002 wagonjwa wachache wenye jeraha katikati ya ubongo mdogo walipimwa Ujerumani kwa mlio na umeme, na mapigo ya mioyo yao hayakubadilika kama ya watu wazima wa afya, sawa na panya wa mwaka 1990. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Jeremy Schmahmann na Janet Sherman wa Boston walieleza wagonjwa 20 wenye maradhi ya ubongo mdogo pekee. Wengi walipata taabu ya kupanga mambo na kutumia lugha. Wengine walibadilika tabia: aliyekuwa mchangamfu akawa mkavu, aliyekuwa na staha akaanza kuropoka na kufanya utani usio na mahali pake. Mabadiliko ya tabia yalijitokeza hasa pale jeraha lilipoigusa vamisi. Schmahmann alilinganisha hali hiyo na mkono unaopitiliza kikombe: hisia ipo, lakini kipimo chake kimepotea, inazidi au inapungua. Ni ulinganisho mzuri, na pengine ndio ulioifanya hoja yake isikilizwe.

Hali inayotisha zaidi huwapata watoto. Uvimbe uitwao meduloblastoma ndio saratani ya ubongo inayowapata watoto zaidi, nao huota kwenye ubongo mdogo, mara nyingi katikati yake. Upasuaji huokoa maisha. Lakini siku moja au mbili baadaye, mtoto aliyeamka vizuri na kuwasalimu wazazi wake anaweza kunyamaza kabisa. Haongei kwa siku, majuma, wakati mwingine miezi. Hulia bila kutulizika, hukasirika kwa jambo dogo, hubadilika ghafla kutoka kilio hadi kutojali. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliofanyiwa upasuaji wa uvimbe huo alipatwa na hali hiyo. Sauti hurudi kwa wengi. Hisia huchelewa zaidi, na kwa baadhi hazirudi zilivyokuwa. Mzazi ambaye hakuambiwa mapema hubaki akijiuliza kama mtoto ana deko, ana hasira naye, au amerogwa.

Kuna ukurasa wa historia hii usiopendeza, na haurukiki. Katika miaka ya 1970 daktari Robert Heath wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, alipachika vifaa vya umeme juu ya vamisi za wagonjwa wa akili walioshindikana kwa tiba nyingine. Aliripoti kwamba wengi walitulia, hasira na hofu zikapungua. Hapakuwa na kundi la kulinganisha linaloridhisha, na majaribio yake mengine ya umeme ubongoni, likiwemo la kutaka kugeuza mapenzi ya mwanaume shoga, yamebaki doa katika tiba. Alikuwa na wazo sahihi kuhusu mahali na mwenendo mbaya kuhusu watu. Kwa kiasi fulani mwenendo huo uliliponza wazo lenyewe, kwa kuwa watafiti wengi waliliepuka kwa miaka. Leo vamisi huchochewa kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, bila kupasua, na majaribio ya namna hiyo kwa wagonjwa wa skizofrenia yameleta dalili za kutia moyo.

Takwimu kubwa zimeanza kuja pia. Mwaka 2022 watafiti wa Basel, Uswisi, waliwapima watu 1,418 wakitazama picha za kusisimua na za kawaida, na kukuta kwamba ubongo mdogo ulihusika pale picha za kusisimua zilipokumbukwa zaidi. Mwaka 2024 utafiti uliokusanya picha za ubongo za watu wazima zaidi ya 4,000, baadhi wakiwa na kiwewe cha baada ya majanga, ulionyesha kwamba ubongo mdogo wa wenye kiwewe ulikuwa mdogo kwa takriban asilimia 2. Asilimia hizo zisomwe kwa tahadhari. Picha haisemi kipi kilitangulia: kama ubongo mdogo uliopungua humfanya mtu ashindwe kuizima hofu, au kama kiwewe ndicho kilichoupunguza. Wala hakuna anayedai kwamba amigdala imevuliwa cheo. Mtu aliyepoteza sehemu ya ubongo mdogo bado anaogopa simba. Anachokosa ni usawa wa hofu, ije lini, kwa kiasi gani, na ikome lini.

Makosa ya vitabu vya shule yanaweza kusubiri toleo jingine. Ya wodini hayawezi. Mgonjwa aliyepata kiharusi, ajali au upasuaji wa kisogoni huambiwa aguse pua yake kwa kidole, kisha atembee kwenye mstari ulionyooka. Akifaulu huruhusiwa kwenda nyumbani, na mabadiliko ya tabia yanayojitokeza huko hupewa majina mengine: kiburi, uvivu, mapepo. Tangu mwaka 2018 kipo kipimo kifupi cha maswali kumi kwa wagonjwa wa ubongo mdogo, kinachofanyika kando ya kitanda bila mashine yoyote, na hisia zimo ndani yake. Kidole na pua viendelee kupimwa. Kisha mgonjwa na jamaa zake waulizwe kuhusu usingizi, kuhusu kulia na kucheka kusiko na sababu, na kuhusu woga ambao haukuwepo kabla.